Unga wa kusafisha utumbo na sufuria ya makande

Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, shangazi alirusha tangazo la unga wa kijani. Kijiko kimoja asubuhi kabla ya kula, na ndani ya siku 21 utumbo unatakata, uzito unashuka, chunusi zinakauka, hata hasira zinapungua. Shilingi 45,000. Mpwa wangu, ambaye ni tabibu wa zahanati, akajibu: "Bibi, shikamoo. Huo unga ni wizi." Shangazi akarudisha: "Marahaba. Na dawa zenu nilizomeza mwaka mzima, hizo ni nini?"

Wakazozana siku mbili. Mimi nilinyamaza, maana kila mmoja alikuwa ameshika nusu ya jambo.

Nianze na nusu ya shangazi, kwa kuwa ndiyo inayochekwa zaidi. Kwamba tumbo linagusa mwili mzima si porojo za wauza dawa. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika kwetu Kilimanjaro, wa watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Walichukua wanaume 77 wenye afya njema. Wale wa vijijini, waliolelewa kwa ndizi, maharage, ulezi na mboga za majani, wakalishwa kimjini kwa wiki mbili: soseji, mkate mweupe, chipsi. Wale wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha kihamba, yaani cha shamba la nyumbani la Wachaga. Kundi jingine likapewa mbege, pombe ya ndizi, kila siku kwa wiki moja.

Damu ikasema. Waliohamishiwa soseji na chipsi walipanda viashiria vya inflamesheni, ule moto wa chinichini ambao mwili unauwasha bila kidonda wala homa, na unaohusishwa na kisukari na magonjwa ya moyo. Chembe zao za kinga nazo zikawa goigoi zilipokutanishwa na vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na wanywaji wa mbege, wakaonyesha kinyume chake. Baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Wiki mbili tu za sahani tofauti!

Sababu mojawapo kubwa ni nyuzinyuzi. Sisi hatuwezi kuzisaga, kwa hiyo zinafika utumbo mpana zikiwa nzima, na huko zinawakuta bakteria wanaozichachua na kutoa asidi zinazolisha kuta za utumbo wenyewe. Ndiyo maana neno "kusafisha" linaniudhi. Utumbo si sinki. Wakazi wake ndio unaowataka, na ngozi yake ya ndani inajibadilisha yenyewe kila baada ya siku chache. Baadhi ya unga za namna hii zina sanamaki au majani ya jamii hiyo, ambayo kazi yake ni kuendesha. Kilo mbili zinazopotea kwenye mizani ni maji na choo. Ukinywa maji na kula, zinarudi.

Ila utafiti ule usibebeshwe mzigo usio wake. Ni wanaume pekee, vijana, kwa siku chache. Ulipima viashiria vya damu, haukuponya kisukari cha mtu. Na mbege ni pombe, hata ikichanganywa na ulezi uliooteshwa na ikanywewa kwa kata. Anayeinywa kila jioni kwa jina la afya anajitafutia ugonjwa mwingine.

Sasa nusu ya mpwa. Kwa miaka mingi dunia iliamini vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, akanywa mchuzi wa bakteria aina ya Helicobacter pylori ili kuonyesha kwamba ndio wanaowasha tumbo. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Mdudu huyu anatibiwa kwa antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, kwa siku 10 hadi 14. Juisi ya kabichi haimuui. Mtu anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, kisha akaambiwa anywe kwanza unga siku 21, anaweza kufa akisubiri.

Lakini nilimuuliza shangazi kwa simu ile "mwaka mzima" ilikuwaje. Alikwenda hospitali mara tatu, mara tatu akapewa vidonge vya kupunguza asidi. Hakuna aliyempima choo kutafuta huyo mdudu. Hakuna aliyemuuliza anakula nini, wala kama anameza dawa nyingine. Na mama wa watu alikuwa anameza diclofenac kila siku kwa ajili ya magoti, dawa inayojulikana kwa kuchubua tumbo! Muuza unga, kwa upande wake, alimuuliza habari za usingizi, za choo, za msiba wa mumewe. Alimsikiliza dakika arobaini. Hapo ndipo zahanati inaposhindwa na mganga wa mtandaoni, na dharau ya mpwa wangu haitoshi kuwa jibu.

Wanaohubiri "turudi kwenye vya asili" nao wana pa kujibu. Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, kweli, lakini mahindi yaliyoanikwa vibaya yanabeba sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, na kukoboa hupunguza sehemu kubwa ya sumu hiyo. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara, na hawakuwa wamekula pizza. Vilevile, aliyezoea chipsi akiamka kesho na bakuli la maharage atajaa gesi mpaka aape kutoyarudia. Aongeze kidogo kidogo, wiki kwa wiki, na maji.

Halafu kuna mkaa. Karibu na stendi ninaposhukia yupo mama lishe anayepika makande: mahindi na maharage yaliyolowekwa usiku, nazi, kitunguu, karoti. Nilimuuliza kwa nini ni Jumatano tu. Akasema yanakaa jikoni kwa muda wa saa nne, na mkaa unakula faida yote. Jumatano anapika kwa sababu wateja wa gereji wanamsumbua. Kufika saa saba mchana sufuria imeshakwanguliwa. Mita kumi kutoka hapo kijana wa chipsi mayai anawasha jiko jioni, sahani inatoka kwa dakika tano, na taa yake haizimwi mpaka saa sita usiku.

Shangazi ameahirisha kununua unga. Mpwa amekubali kumpeleka akapimwe choo na kuuliza dawa nyingine ya magoti. Makande amesema hayawezi, yanamchosha kutafuna. Ameomba uji wa ulezi.