Laiki Zimekwenda Wapi? Malalamiko ya Wapenda Picha wa Nyanda za Juu Kusini

Kwa wapenda picha wa Mbeya, Iringa na Njombe, wale wasiopiga harusi wala kulipwa na mtu, kuna swali halikauki midomoni. Kwa nini picha zinazofanana, za mkono uleule, zinapokewa kwa namna tofauti kabisa bila sababu inayoonekana? Mtu anaposti Instagram ukungu wa milima ya Uporoto, anavuna mamia ya laiki. Wiki inayofuata anaposti ukungu huohuo, pengine mzuri zaidi, anaambulia makumi, na nusu yake ni ndugu zake. Kisha picha ya zamani ya Ziwa Ngosi, aliyokwisha kuisahau, inafufuka yenyewe na kuanza kukusanya watu asiowajua.

Maelezo yanayozunguka ni mawili. Kambi ya kwanza inasema mtandao umekufungia kimyakimya: akaunti iko hai, unaposti kama kawaida, ila watu hawaletewi ulichoposti. Kambi ya pili haina subira na kilio hicho. "Kaka, picha zako zimechosha," wanasema, au kwa upole zaidi, kwamba siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni na macho ya watu ni yaleyale. Mimi naona kambi hizi zinabishania vitu viwili tofauti. Kuna kushuka kwa taratibu, kwa miaka, na kuna mishtuko ya wiki hadi wiki. Huko kushuka kwa miaka kuna mwenyewe na anajulikana. Mishtuko, mara nyingi, haina mwenyewe.

Tuanze na la miaka, maana wanaolalamika hudharauliwa kama watu wa ramli, na hawastahili. Instagram ilizinduliwa Oktoba 2010, na miaka ya mwanzo ilipanga picha kwa saa: aliyeposti mwisho ndiye aliyekaa juu. Mwaka 2016 kampuni ikatangaza kwamba watu hukosa, kwa wastani, asilimia 70 ya yanayowekwa na wale wanaowafuata, hivyo mpangilio wa saa ungeachwa na algoridhimu (kanuni za kompyuta) ichague cha kutangulia. Agosti 2020 zikaja Reels, yaani video fupi. Juni 2021 mkuu wa Instagram, Adam Mosseri, akasema waziwazi kwamba huo si tena mtandao wa kushirikishana picha. Julai 2022 baadhi ya watumiaji wakapewa ukurasa wa majaribio wa skrini nzima, video mbele. Watu wakapiga kelele mpaka ukaondolewa. Januari 2023 Mosseri huyohuyo akakiri kwamba mwaka uliotangulia walikuwa wameegemea video kupita kiasi.

Kwa hiyo aliyekuwa akiposti mashamba ya chai ya Mufindi miaka hiyo na kuona laiki zikiyeyuka hakuwa anaota. Masharti yalibadilishwa yeye akiwa ndani, na hakuulizwa. Kumwambia huyo "ongeza ubora" ni kumwonea.

Kuna jambo jingine ambalo kampuni ililisema yenyewe Juni 2021, na nashangaa halirudiwi mara nyingi zaidi. Ilieleza kwamba wengi wa wafuasi wako hawataona unachoposti, kwa kuwa watu wengi huangalia chini ya nusu ya yale waliyopangiwa. Ikaongeza kwamba haiwezi kumwahidi mtu kufikia idadi ileile ya watu kila anapoposti. Ukiyasoma hayo kwa utulivu, kuwa na wafuasi elfu mbili ni kuwa na nafasi ya kuwafikia baadhi ya elfu mbili hao, siku nyingine wengi, siku nyingine wachache. Wengi wetu tulidhani wafuasi ni hadhira. Kumbe ni bahati nasibu yenye tiketi nyingi.

Katika maelezo hayohayo kampuni ilitaja mambo inayojaribu kuyabashiri juu ya mtazamaji: je, atakaa sekunde chache kwenye posti, atakomenti, atalaiki, ataihifadhi, atagusa picha ya mwenye akaunti? Hapo kuna jambo linalomhusu sana mpiga picha wa huku kwetu, na sijaona likizungumzwa. Nina rafiki, mwalimu wa sekondari pale Uyole, ambaye picha yake ninayoiona bora kuliko zote ni ya vijana wanaopakia viazi kwenye fuso huko Isyonje. Magunia ni ya lumbesa, yamejazwa mpaka vichwa vimevimba, majani yamesokomezwa juu kuzuia viazi visimwagike, na kamba ya katani imeshonwa zigizaga juu yake. Kijana mmoja anasukuma gunia kwa bega, uso wote umefichwa na gunia, kinachoonekana ni vidole vyake tu vilivyoingia kwenye nyavu ya kamba. Nyuma yao ukungu umekula mlima. Ukiitazama kwenye kompyuta utaipenda. Kwenye simu, kidole kikiwa mwendoni, ni doa la kijivu lenye gari. Picha ya Ngosi kutoka juu ya ukingo, maji yakiwa ya kijani kibichi, inajieleza kabla macho hayajatulia. Hakuna aliyemfungia mwalimu. Kipimo kinachotumika hakioni anachokifanya, na hiyo ni habari tofauti na kufungiwa, ingawa maumivu yanafanana.

Sasa mishtuko. Hapa nahamia kambi ya pili, ila kwa sababu zisizo zao. Posti mpya haiendi kwa wote kwa mkupuo. Wanaoiona mwanzo ni wachache, na wanavyoipokea huchangia kuamua kama itasukumwa zaidi. Wachache hao wakiwa wamekaa kwenye daladala la Mwanjelwa bila haraka, picha inapaa. Wakiwa wanapika, inazama. Tofauti ndogo ya mwanzo inakuzwa hadi inaonekana kama hukumu.

Hili lilikwisha kupimwa. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha katika jarida la Science jaribio la watu zaidi ya 14,000 waliopewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana, wasikilize na kupakua wanazozipenda. Baadhi yao waligawanywa katika makundi manane yasiyoonana, na kila kundi liliona idadi ya upakuaji wa kundi lake tu. Nyimbo zilezile, watu wa aina ileile, lakini vinara vikatofautiana kundi hadi kundi. Nyimbo bora sana hazikuanguka vibaya na mbovu sana hazikupaa, ila zilizobaki katikati zingeweza kutua popote. Picha zetu nyingi, tuwe wakweli, ziko katikati.

Tatizo ni kwamba akili ya mtu haikubali "imetokea tu." Mwaka 1948 mwanasaikolojia B. F. Skinner alieleza jinsi njiwa wenye njaa, waliopewa chakula kila baada ya muda maalumu bila kujali wanafanya nini, walivyoanza vitimbi: mmoja akizunguka kwenye kizimba, mwingine akirusha kichwa kwenye kona. Kila mmoja alirudia kile alichokuwa akikifanya chakula kilipodondoka. Waulize wapiga picha wa Iringa mjini wanaposti saa ngapi. Yupo asiyeposti kabla ya saa moja usiku. Yupo anayeweka alama za reli (hashtag) kwenye komenti badala ya maelezo ya picha, na yupo aliyeziacha kabisa kwa kuamini ndizo zilizomponza. Yupo anayefuta posti isiyofanya vizuri ndani ya saa ya kwanza, kama anayeondoa nuksi nyumbani. Wote wana ushahidi: siku moja walifanya hivyo, na ikafanya kazi.

Tena kuna sababu za kawaida kabisa tunazozipita tukiitafuta algoridhimu. Hadhira ya picha za Mbeya kwa sehemu kubwa ni watu wa Mbeya walioko Dar es Salaam na kwingineko, wanaokumbuka baridi wakiwa kwenye joto. Bando likiisha mwisho wa mwezi, wanaangalia status za WhatsApp na kuishia hapo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania ikakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua. Mei 2025 X, iliyokuwa Twitter, ilizuiwa nchini, na 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa. Anayesoma takwimu za akaunti yake bila kuziweka kando ya kalenda atajilaumu kwa yasiyomhusu. VPN, programu inayompitisha mtu kwenye mtandao wa nchi nyingine, nayo ina mambo yake: mtu wa Makambako akipitia huko huweza kuhesabiwa kama mtazamaji wa Uholanzi, nawe ukadhani umepata soko la Ulaya.

Msimu nao tunausahau. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 na kusifiwa kama Bustani ya Mungu, huchanua kipindi cha mvua, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Akaunti iliyokuzwa kwa maua ya Kitulo itashuka kiangazi kikiingia, kwa sababu iliyobaki ni nyasi na baridi. Nimewasikia watu wakilalamikia "mabadiliko ya Juni" kana kwamba kuna bosi ng'ambo aliyesubiri Juni ifike.

Lakini kambi ya pili isishangilie mapema, maana hoja ya bahati nayo ina tundu, na si dogo. Kampuni hizi hufanya majaribio kwa sehemu ya watumiaji wakati wengine wanaendelea na ya zamani. Ule ukurasa wa Julai 2022 ulikuwa jaribio la aina hiyo. Wapiga picha wawili wa mtaa mmoja wanaweza kuwa wanatumia mitandao miwili tofauti yenye jina moja, na hakuna kati yao anayeambiwa. Anayesema "nimebanwa ghafla, jirani yangu hajaguswa" anaweza kuwa sahihi kabisa, na anaweza kuwa ameangukia upande mbaya wa bahati, na kwa anachokiona yeye kwenye simu hali hizo mbili hazina tofauti. Desemba 2022 Instagram iliongeza sehemu inayomwonyesha mwenye akaunti ya kitaalamu kama posti zake zinaruhusiwa kupendekezwa kwa wasiomfuata. Ni hatua, na kila anayelia kufungiwa aanzie hapo. Ila inajibu kuhusu kuvunja kanuni, haijibu kuhusu majaribio.

Hapo ndipo ninapoona lawama inatakiwa kuelekezwa. Sheria ya huduma za kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuyabana majukwaa makubwa Agosti 2023, inayataka yaeleze vigezo vikuu vya mifumo yao ya kupendekeza na yampe mtumiaji njia mbadala isiyotegemea wasifu wake. Mpiga picha wa Njombe hana sheria ya kumpa hayo. Kudai mamlaka zetu zidai angalau taarifa pale akaunti inapotiwa kwenye jaribio ni dai dogo na la haki, na lina faida kuliko kubishana juu ya alama za reli.

Wapo wanaotoa jibu la mkato: hama. Nenda kwenye mitandao ya picha tupu kama Flickr. Nimelisikia sana, na linatolewa zaidi na wenye kadi za benki zinazokubali malipo ya nje. Flickr, baada ya kununuliwa na SmugMug mwaka 2018, iliwawekea watumiaji wa bure kikomo cha picha 1,000 kuanzia 2019. Ukitaka zaidi unalipia. Na algoridhimu hujaikimbia: ukurasa wake wa Explore huchagua picha 500 kwa siku kwa fomula isiyowekwa wazi, na anayeangukia humo hupata mafuriko ya siku moja kisha ukame, ugonjwa uleule tulioanza nao. Zaidi ya hapo, shangazi yako wa Tukuyu hayuko Flickr.

Mwalimu wa Uyole ameshauriwa ahamie video. Kwa upande wa watazamaji, waliomshauri hawakukosea; wenzake waliohama wanaonekana zaidi. Mimi nilimwambia asihame, kwa sababu anachokijua ni kusubiri kidole kiingie kwenye kamba, na hicho hakirekodiwi kwa sekunde kumi na tano zenye muziki juu. Alinijibu kwamba ushauri wangu ni rahisi kwa mtu asiyeposti. Sasa picha moja anaikata vipande vinne, gunia, vidole, kamba, halafu gari zima, na kuviweka kama posti ya kutelezesha. Watazamaji wameongezeka kidogo. Kama ni vipande hivyo au ni Desemba na watu wamerudi nyumbani, hajui, na ameacha kuniuliza.