Foleni ya watoto isifuate namba

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Wingi huo unaonekana mapema kwenye mabenchi ya kliniki za watoto, Unguja na Pemba. Kila mtu anataka jengo jipya. Likija lipokelewe, lakini namba ya foleni haijui nani anakata roho.

Awekwe muuguzi mlangoni, awaangalie watoto wote kabla hawajaandikishwa. Anayepumua kwa shida, mwenye degedege, aliyepoteza fahamu, aliyepoa mikono na kulegea, au anayeharisha na macho yamezama, apelekwe ndani papo hapo; kadi itamfuata. Baada yao watangulie wa chini ya miezi 2, wenye homa kali na waliokonda sana.

Pumzi ndizo zinazokosewa zaidi. Zihesabiwe dakika nzima, kifua kikiwa wazi na mtoto ametulia. Ni za haraka zikifika 60 kwa wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5. Foleni ikiwa ndefu, mhesabuji huchukua sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Akikosea pumzi mbili, amekosea nane, na kichanga hapumui kwa mpangilio hata akiwa mzima. Akilia ndiyo kabisa, hesabu haifai.

Karibu na mabenchi iwepo meza ya ORS, dawa ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji kwa anayeharisha: maji salama, jagi la lita 1, vikombe, vijiko, na saa ya ukutani (bila saa, mama atakisia tu). Mtoto aliyepungukiwa maji kiasi hupewa mililita 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4. Wa kilo 8 atakunywa mililita 600. Apewe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, asubiriwe dakika 10, kisha aendelee taratibu zaidi. Kipimo kinafuata kilo; mizani basi ikae hapo hapo, si chumba cha tatu.

Gharama ya haya yote ni ndogo. Kinachoshinda ni kumbakisha muuguzi yule mlangoni: saa tatu asubuhi chanjo zikizidi, wa kwanza kuitwa akasaidie ni yeye.