Plastiki ya bakteria ianzie kwenye vitalu vya miche

Tangu Kenya ipige marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, wapo wanaosema mbadala ni plastiki inayotengenezwa na bakteria. Naiunga mkono, ila si kwa kazi wanayoipigia debe wengi, yaani mifuko ya sokoni.

Sayansi yake ni ya zamani. Mwaka 1926 Mfaransa Maurice Lemoigne aligundua kwamba kuna bakteria wanaojiwekea akiba ya PHB, ambayo ni plastiki, kama sisi tunavyojiwekea mafuta mwilini. Wape sukari tele, wanyime naitrojeni, na baadhi yao hujaa hadi asilimia 80 ya uzito wao mkavu inakuwa plastiki. Hata molasi, ule uji mzito unaobaki sukari ikishatengenezwa, wanaila, na molasi tunayo kwenye viwanda vya sukari vya Muhoroni na Kibos.

Lakini kilo moja ya PHB hula takriban kilo tatu za sukari. Molasi yenyewe inagombaniwa na wafugaji na wenye viwanda vya spiriti, na mwaka 2023 viwanda vya sukari vya magharibi vilisimamishwa kwa miezi kadhaa kwa kukosa miwa iliyokomaa. Bei nayo ni mara kadhaa ya plastiki ya kawaida. Mama mboga wa soko la Kibuye, Kisumu, hataimudu. Tena mtu akiambiwa mfuko unaoza, atautupa mtaroni bila wasiwasi, nao utafika ziwani kabla haujaoza.

Kwenye miche hesabu inabadilika. Serikali inataka miti bilioni 15 ipandwe kufikia 2032, na miche mingi hukuzwa kwenye viriba vya plastiki nyeusi. Siku ya kupanda, mkulima anakichana kiriba kwa wembe, anashusha mche shimoni, kiriba kinabaki pale pale. Msimu ujao jembe linafukua vipande vyake. Kitu ambacho mwisho wake ni udongoni ndicho kinachostahili plastiki inayooza udongoni, na PHB huoza bila kuhitaji joto la mtambo wa mboji.

Kikwazo halisi ni muda. Kiriba humwagiliwa maji kwa miezi, kwa hiyo kikiwa chembamba mno kitaoza kitaluni, na PHB tupu huvunjika upesi mpaka ichanganywe na kitu cha kuilainisha. Unene unaofaa utajulikana kwa majaribio tu. KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, wako Maseno, na watafiti wa miwa wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, wako Kibos. Kaunti ya Kisumu iwape kitalu kimoja na msimu mmoja wa mvua.