Mnasihi Asiyetoa Nasaha

Katika kliniki ya watoto mjini Rochester, Marekani, mama mmoja alikuwa akija kwa sababu mwanawe alikuwa mtukutu kupita kiasi. Mwanasaikolojia kijana aliyempokea, Carl Rogers, alikuwa ameshaamua chanzo ni nini: mama alimkataa mtoto tangu akiwa mdogo. Kikao baada ya kikao alijitahidi kumfikisha mama kwenye jibu hilo, asifaulu, hata wakakubaliana yaishe. Mama akaaga, akafika mlangoni, akageuka na kuuliza kama hapo hupokea na watu wazima. Akarudi kuketi, akaanza kumwaga ya ndoa yake, ambayo hayakufanana hata kidogo na maelezo nadhifu aliyokuwa akiyatoa. Tiba ikaanza siku ile, na baadaye mtoto naye akatengemaa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Rogers aliujengea ukweli huo taaluma nzima. Katika kitabu chake cha mwaka 1942 alimwita anayekuja kutibiwa mteja, si mgonjwa. Mwaka 1957 akaandika masharti sita ya tiba, matatu yakapata umaarufu: mtaalamu awe mkweli wa nafsi yake, amkubali mteja bila masharti, na ajitahidi kuyaona mambo kama mteja anavyoyaona. Alidai kwamba masharti hayo ni ya lazima, na kwamba yanatosha.

Ulazima wake siupingi. Mtoto anayekumbatiwa akishika namba ya kwanza, na kununiwa akishika ya kumi, hujifunza mapema kuficha sehemu yake isiyopendwa. Akiwa mtu mzima huificha hata kwa nafsi yake. Mtu wa aina hiyo ukimhukumu kwa mara nyingine, hata kwa upole, unamfundisha kujificha zaidi.

Kudai kwamba yanatosha ni jambo jingine, na ushahidi mzito ulitoka kwa Rogers mwenyewe. Huko Wisconsin, Marekani, aliongoza utafiti wa tiba yake kwa wagonjwa wa skizofrenia, maradhi mazito ya akili, waliolazwa hospitalini. Walipopimwa kwa jumla, waliotibiwa hawakuwapita kwa kiasi cha maana wale ambao hawakutibiwa. Uingereza nako, jaribio la Sheffield lililochapishwa 2021 liliwafuatilia watu 510 wenye sonona. Baada ya miezi sita, tiba inayotokana na mawazo ya Rogers haikuachwa nyuma na ile ya kubadili fikra na mienendo. Baada ya mwaka, ya pili ilionekana kuongoza. Kwa tiba inayodharauliwa kuwa ni kusikiliza tu, naona hayo si matokeo madogo.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni la mwanafalsafa Martin Buber, aliyekaa na Rogers jukwaani mwaka 1957 katika Chuo Kikuu cha Michigan. Rogers alisema kwamba yeye na mteja hukutana kama watu walio sawa. Buber akamkatalia: mteja ndiye anayekuja kuomba msaada, wewe huendi kwake kuomba wako.

Sisi kazi hii tumeiita ushauri nasaha, na anayeifanya ni mnasihi. Maneno yenyewe yanaahidi kitu ambacho Rogers alijizuia kukitoa. Kijana aliyesukumwa na shangazi yake aende kwa mnasihi, akarudishiwa maneno yake mwenyewe saa nzima, anaweza kuona amepoteza nauli. Tena hakuja peke yake: nyuma yake wapo wazazi, wakwe na mahari isiyokwisha kulipwa. Ukimwambia asikilize nafsi yake tu, hujauona mzigo wake.

Hata hivyo kijana huyo nasaha ameshapewa na shangazi, na mchungaji au shehe, na wazee wa ukoo. Alichokosa ni mtu wa kumsikia mpaka mwisho. Ndiyo maana naiona njia ya Rogers inahitajika kwetu kuliko tunavyokubali, mradi isigeuzwe sheria ya kunyamaza. Mwanamke anayepigwa akiuliza atalala wapi usiku huu, aelekezwe pa kulala, leo hii. Lakini akisema kwa mara ya tatu kwamba atarudi kwa mumewe, wengi wetu hapo huanza kuhubiri, kabla hatujasikia anachokiogopa zaidi ya kile kipigo.