Acheni kumlaumu Noor kwa yale madaftari

Kila anapotajwa Noor Inayat Khan, mpelelezi wa redio wa Uingereza katika Ufaransa iliyotekwa na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili, hakosi mtu wa kuchomekea habari ya madaftari: kwamba alinakili kila ujumbe aliotuma kwa redio, akayaweka chumbani kwake Paris, na Wajerumani walipomkamata Oktoba 1943 wakayakuta yote. Uzembe, wanasema. Mimi sikubali.

Baba yake alikuwa Mhindi, mwanamuziki na mwalimu wa Kisufi, mama Mmarekani. Alizaliwa Moscow mwaka 1914, akakulia Ufaransa, akipiga kinubi na kuwaandikia watoto hadithi. Vita vilipofika Paris, familia ikakimbilia Uingereza. Huko akaingia kikosi cha wanawake cha jeshi la anga, akafundishwa simu ya upepo. Vidole vilimvimba kwa baridi, hivyo aligonga kitufe cha Morse, herufi za milio mifupi na mirefu, kwa kishindo hadi wenzake wakamtania. Ugongaji wa Morse ni kama mwandiko. Kila mtu na wake.

Juni 1943, SOE, idara ya siri ya Uingereza, ilimpeleka Ufaransa kabla hajamaliza mafunzo. Haikupita wiki mbili, mtandao wa wapelelezi aliotumwa kuuhudumia ukaanza kusambaratika, watu wakikamatwa mmoja mmoja. Akaambiwa arudi. Akakataa, maana angeondoka, wenzake wangebaki bila sauti. Mtu wa redio kule alikadiriwa kudumu wiki sita. Yeye alidumu zaidi ya miezi mitatu, akihamahama na sanduku la redio la karibu kilo 15, akitandaza waya, akigonga harakaharaka kabla magari ya kunasa mawimbi hayajamfikia.

Huyo ndiye mzembe? Waliomhoji wenyewe walikiri baada ya vita kwamba hakuwapa kitu. Alijaribu hata kutoroka kupitia paani. Wa kuulizwa ni wakubwa waliokaa salama London, wakapokea ujumbe ambao Wajerumani, kwa kutumia madaftari hayo, waligonga kwa jina la Noor, wakauamini ingawa ugongaji haukuwa wake. Wakaendelea kushusha watu kwa miamvuli. Februari 1944 wakamshusha Madeleine Damerment, mpelelezi mwingine wa SOE, akatua mikononi mwa Wajerumani waliokuwa wakimsubiri.

Noor alikaa karibu miezi kumi katika gereza la Pforzheim, Ujerumani, kafungwa minyororo mikono na miguu. Tarehe 13 Septemba 1944 alipigwa risasi katika kambi ya mateso ya Dachau, akiwa na miaka 30, pamoja na wanawake wengine watatu. Mmoja wao alikuwa Madeleine.