Waini ya elfu 15 inatosha kabisa, ila usiinywe ya moto

Jumapili iliyopita shemeji yangu alikuja kula kwetu, nikamfungulia waini nyekundu ya Dodoma ile kavu, yaani drai, isiyo na utamu, akapiga funda moja akakunja uso akaniambia "shemeji hii siki bana, hamna ya Sauzi humo ndani?" Hilo neno nimelisikia mara nyingi sana na kila nikilisikia linaniuma, kwa sababu najua chupa ile imepitia nini. Ilitoka dukani kwenye shelfu linalopigwa jua la mchana, ikapanda bodaboda saa saba, Dar hii hii ya mwezi wa pili, na ilivyofika nikaishika ilikuwa vuguvugu kama maji ya bomba yanayotoka kwenye simtanki mchana. Kosa langu ni kwamba niliifungua hivyo hivyo maana chakula kilishaiva na watu wana njaa. Hata ingekuwa ya laki tatu kutoka Ufaransa, ingelalamikiwa tu.

Sasa hapa ndipo watu wengi tunapotea. Tumeshika kwamba waini nyeupe ni ya friji na nyekundu ni ya "joto la chumbani", na hilo la joto la chumbani wenzetu Ulaya walilisema kwa vyumba vyao vya mawe vyenye nyuzi 16 mpaka 18 hivi, sio sebule ya Sinza au Mbagala yenye nyuzi 31 na feni inapuliza upepo wa moto. Waini nyekundu ikiwa ya moto ile pombe inapanda juu, unaisikia puani na kooni kabla hujasikia zabibu, na ukali wake unajitokeza mbele peke yake. Ukiipoza inatulia. Mimi naweka friji ya kawaida dakika 40 mpaka saa nzima, sio friza, naitoa inakaa mezani dakika tano ndio namimina. Kama umeme umekatika weka chupa kwenye ndoo ya maji na barafu, dakika 15 zinatosha.

Baada ya hapo ndio tuongee chupa gani. Kwangu mimi waini ya kila siku, yaani ile ya kunywa glasi moja au mbili na chakula siku ya Jumatano bila sababu yoyote, isizidi elfu 20, na nyingi ninazonunua ni za elfu 12 mpaka 15. Kwa bei hiyo naanza na Dodoma nyekundu drai, tena naisema bila kusita. Sio kwa sababu ya uzalendo, ni kwa sababu ya hesabu. Chupa ya nje ya bei hiyo imelipiwa meli, bandari na ushuru, ukitoa vyote hivyo hela iliyobaki kwa ajili ya zabibu zenyewe ni kidogo. Ya nyumbani, kama zabibu za hapa nchini zimezidi asilimia 75, inatozwa ushuru wa bidhaa mdogo zaidi, na zabibu zinatoka Hombolo, Mpunguzi, Mvumi, Bihawana, sio mbali.

Na Dodoma ina jambo ambalo sehemu nyingi zinazosifika kwa waini hazina. Mizabibu ilifika na wamisionari wa Kiitaliano miaka ya 1950, walitaka waini ya misa, ikakuta ardhi ya kichanga, mvua chache na mwinuko wa mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari kwa hiyo usiku kuna kaubaridi. Kule Ulaya mzabibu unalala msimu wa baridi, hapa kwetu baridi ya kuulaza haipo, mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, ndio maana wanavuna mara mbili kwa mwaka. Mvuno wa kwanza ni mwezi wa tatu hivi, wa pili mwezi wa nane na wa tisa.

Niliwahi kwenda Hombolo mvuno wa pili. Mama mmoja mwenye shamba la ekari moja nilimwamkia mbukwa, akacheka akaniambia "mbukwa mwanangu, njoo uonje", akakata kichala kwa mkasi akanipa. Zile nyekundu wanaziita Makutupora, kwa macho ni nyeusi kabisa, ganda gumu, ukiitafuna utamu unakuja kwanza halafu ganda linakukaza ulimi, na vidole vikabaki na rangi ya zambarau mpaka kesho yake. Nyuki wamejaa kwenye kreti. Akanieleza kwamba zabibu haisubiri, ikiiva ni siku chache tu, mnunuzi asipokuja inaoza mkononi, kwa hiyo wengine wanaikamua wanauza mchuzi wa zabibu kwa viwanda, na bei ya mchuzi ikianguka hawana pa kwenda. Tangu siku hiyo siwezi kuichukulia hii chupa kama kitu cha mchezo. Nikiona mtu anamwaga glasi kwenye sinki namfikiria yule mama.

Ila lazima tuelewane kuhusu lebo, kwa sababu watu wengi wanaosema waini ya Dodoma inaumiza kichwa hawajawahi kunywa hii ninayoisema. Wamekunywa zile tamu zilizoongezwa pombe. Geuza chupa usome asilimia. Waini ya mezani iko kwenye 11 mpaka 14, ukikuta 16 au 18 ujue hiyo imeongezewa pombe kali na mara nyingi ina sukari pia, ni kinywaji chake na kina wapenzi wake, ila sio cha kumimina glasi kubwa na wali maharage. Tafuta neno Dry. Kama unatoka kwenye soda na zile switi za Sauzi, ambako wengi wetu tulianzia, usijilazimishe, chukua semi-sweet kwanza mwezi mmoja miwili, ulimi utazoea wenyewe.

Ule ukakasi wa nyekundu drai, ule unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyochemka mpaka ikasahaulika jikoni, unaitwa tanini na unatoka kwenye ganda na mbegu. Ukiinywa tupu unasumbua kweli. Ukiinywa na nyama yenye mafuta na chumvi unayeyuka, yaani unauona mdomoni unavyoondoka. Kwa hiyo chakula unachokula nayo ni nusu ya ladha yake. Nyama choma ya mbuzi, mishkaki, maini ya kukaanga na vitunguu, pilau ya nyama, hata ugali na nyama ya kuchemsha yenye mafuta. Kisichoenda kabisa na hii ni pilipili mbuzi nyingi, moto wa pilipili na pombe vinachocheana na husikii tena kitu. Na dagaa wakavu pia hapana, nimejaribu, inabaki ladha ya chuma.

Kwa samaki na kuku chukua nyeupe, na hapa nina furaha kweli kusema kwamba zabibu nyeupe inayolimwa sana Dodoma ni Chenin Blanc, zabibu ileile iliyotoka bonde la Loire Ufaransa na ndiyo nyeupe inayolimwa kuliko zote Afrika Kusini. Kwa hiyo ukiwa na elfu 30 fanya hivi wikiendi moja, nunua Chenin ya Dodoma na Chenin ya Sauzi ya bei ya chini, zipoze zote mbili sawasawa, kaanga changu, kamulia ndimu, weka kachumbari, halafu nywa moja baada ya nyingine. Ya Sauzi mara nyingi naiona ina matunda mengi zaidi na imesafishwa vizuri. Ya Dodoma ina uchachu wa embe bichi na ni nyepesi, na kwa samaki wa kukaanga mimi naiona inakata mafuta vizuri kuliko mwenzake. Nimefanya hilo jaribio mara tatu na watu tofauti, na mara mbili Dodoma ndiyo iliyoisha kwanza.

Kwa nyekundu bado sijapata ladha ileile kila mara na nitasema ukweli, chupa ya Dodoma leo na chupa ya jina lilelile miezi mitatu baadaye zinaweza kutofautiana. Hilo linanikera. Viwanda vingetuandikia mwaka wa mvuno kwenye lebo tungejua tunanunua nini. Mpaka hapo nanunua moja, nikiipenda narudi wiki hiyohiyo kuchukua nyingine nne za mzigo uleule.

Duka nalo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Niliwahi kununua chupa duka moja hapa mtaani, ipo dirishani, lebo imepauka kwa jua upande mmoja, nikafika nyumbani nafungua harufu ya siki mpaka jirani kauliza napika nini, nikarudisha wakakataa kubadilisha. Siku hizi nachukua ya nyuma ya shelfu, ya chini, iliyo gizani, na nikiona kizibo kimesukumwa juu au kimechuruzika naiacha. Vifuniko vya kuzungusha visikupe wasiwasi, kwa waini ya kunywa mwaka huu ni bora kuliko kizibo.

Kwa nyumba yenye wanywaji wawili watatu fikirieni na ile ya boksi. Lita 5 ni chupa 6 na ushee, mfuko wa ndani unasinyaa kadiri unavyomimina kwa hiyo hewa haiingii, inakaa kwenye friji wiki tatu mpaka nne bila kuharibika, wakati chupa ikishafunguliwa nyekundu ni siku tatu, nne kwa shida, tena ifunikwe na irudi friji. Ya boksi naitumia siku za kazi, glasi moja baada ya kuoga, halafu basi.

Shemeji anakuja tena Jumapili hii, dada ameshaniambia. Nimenunua Makutupora mbili drai, ziko friji ya chini pamoja na mchicha, na mbuzi nitamloweka na limao na kitunguu saumu tangu Jumamosi usiku. Chupa ya kwanza nitaifungua saa saba na nusu, wakati nyama bado iko kwenye jiko la mkaa, nimpe aonje na kipande cha kwanza cha ubavu kikiwa bado kinachuruzika mafuta.