Dracula: hofu imehamia kwa daktari

Msomaji wa mwaka 1897 wa Dracula, riwaya ya Bram Stoker, alikuwa na bahati tuliyoikosa: hakujua mwenye ngome ni nani. Jonathan Harker, wakili kijana kutoka Uingereza, anafika Transylvania kwa shughuli ya kuuza nyumba, na dalili zinamjia mojamoja. Mwenyeji hali chakula naye. Kwenye kioo haonekani. Sisi sinema zimeshatumalizia uhondo kabla hatujafungua kitabu.

Kwa hiyo wanaosema riwaya hii imechuja wana hoja. Tena mimi nitawaongezea nyingine: baada ya sura nne za mwanzo Dracula, mwenye ngome anayenyonya watu damu, anaadimika, na anayeshika usukani ni Profesa Van Helsing, daktari anayeongoza msako wa kumwinda, na mahubiri yake yasiyokwisha. Halafu kuna Mina, mke wa Harker. Anawazidi akili wanaume waliomzunguka, anasifiwa kwamba ana ubongo wa kiume, kisha anafichwa mipango eti asiumie. Kufichwa huko ndiko kunakompa adui mwanya. Sijaamua kama Stoker alikusudia tuwacheke wanaume hao.

Hata hivyo, kuijua siri mapema kuna raha yake. Harker anachungulia na kumwona bwana mkubwa akiandaa meza mwenyewe. Kumbe hata kitanda anatandika yeye. Unacheka kwanza. Kisha unang'amua kwamba ngome nzima haina mtumishi hata mmoja, na kijana wa watu amelala humo.

Kilichonishika zaidi ni damu. Lucy, rafiki wa Mina, anaishiwa damu kwa kunyonywa na Dracula, na wanaume wanne, kila mmoja kwa zamu yake, wanatolewa damu ili atiwe yeye. Sharti ni afya na moyo wa kujitolea, basi; hakuna anayeuliza kama damu zao zinalingana, ilhali damu isiyolingana yaweza kuua. Mwanasayansi Karl Landsteiner alikuja kuyaeleza makundi ya damu mwaka 1901, miaka 4 baada ya riwaya kutoka. Stoker aliyaandika hayo kama mapenzi na ushujaa. Mimi niliyasoma nikitamani mtu ampokonye daktari vifaa vyake. Aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki akitishwa na habari za mumiani hatashangaa sana: huyo hakuhitaji ngome wala meno marefu, alikuja na gari na sindano.

Sura hizo za katikati wengi huzilaumu kwa kusuasua. Mimi ndizo nilizozirudia.